Nauli ya Marehemu

SEHEMU YA SITA

"Hela ya mama umeila!"

Hapo ndipo tulipomwacha Shufaa wiki iliyopita: katikati ya sebule ya marehemu mama yake kule Kaole, kaka yake Muhidini amemnyooshea kidole, na wanawake waliokuja kuwafariji wafiwa wameweka vikombe vya chai chini ili wasikie vizuri.

Kwa aliyepitwa, mambo ni haya. Bi Mwanaharusi alikuwa aende umra. Wanawe, Muhidini na mdogo wake Shufaa, walichangisha ndugu mpaka zikatimia milioni sita na laki mbili. Hela ikawekwa kwenye akaunti yenye majina mawili, la mama na la Shufaa, ikalipwa kwa kadi kwenye ofisi ya safari mjini Bagamoyo. Wiki mbili kabla ya ndege, Bi Mwanaharusi alikuwa anatawadha kwa sala ya adhuhuri, akaanguka. Hakuinuka tena. Siku ya tatu baada ya mazishi Shufaa alikwenda kufuta safari na kuomba hela irudishwe.

Sasa ni Jumanne, siku ya ishirini na tatu tangu mazishi. Hela haijaonekana.

"Kaka, sijaila," Shufaa alisema.

Aliyasema hayo kwa sauti ambayo mtu hutumia kusema chumvi imekwisha. Tangu mazishi alikuwa hivyo. Akisemeshwa alijibu, akipewa chakula alikula, akionyeshwa pa kulala alilala. Lakini ndani alikuwa kama mkono uliolaliwa muda mrefu: unauona ni wako, na huusikii.

"Kama hujaila, iko wapi?"

"Ofisi imeshairudisha. Meseji hii hapa."

Muhidini akaipokea simu, akasoma kwa sauti ili kila mtu asikie. "Ndugu mteja, marejesho yako ya shilingi milioni tano na laki saba yamekamilika." Akatazama tarehe. "Hii ni ya siku kumi na moja zilizopita! Na laki tano nyingine?"

"Ya viza. Ile hairudi."

"Haya. Na hiyo milioni tano imekamilika kwenda wapi?"

Shufaa akafungua akaunti kwenye simu ile ile, akamwonyesha salio. Shilingi elfu kumi na nane.

Mtu mmoja kwenye mkeka aliguna.

"Siku ya kulipa nilikuwepo," Muhidini alisema, sasa akiwaambia wageni. "Alichomeka kadi, akabonyeza namba zake, mashine ikatoa risiti. Soda niliyokuwa nimefungua hata nusu sijafika. Leo mnaambiwa kurudi ni siku ishirini! Hela ile ile, benki ile ile. Nani kati yenu anakubali?"

Kusema kweli, hata Shufaa asingekubali kama angeambiwa hivyo na mtu mwingine.

"Basi nisikilize," Muhidini alisema. "Ijumaa baada ya swala anakuja mnunuzi wa kiwanja cha Mapinga. Hela ikionekana kabla ya hapo, tutagawana vyote kisheria. Isipoonekana, nahesabu umeshachukua fungu lako. Kiwanja kinauzwa, na wewe hudai hata shilingi."

Kiwanja cha Mapinga kilikuwa kwa jina la mama, lakini kwa miaka tisa aliyekifanyia kazi ni Shufaa. Hapo ndipo kilipo kitalu chake cha miche, kando ya barabara kuu, ambapo watu wa mjini wanaojenga husimamisha magari kununua miashoki ya uzio, michongoma na minazi mifupi. Hana kazi nyingine. Hana mume tena. Kitalu kikiondoka, kinaondoka na kila kitu.

Bi Mwaija, mdogo wake marehemu, alimvuta kanga kutoka pale alipokaa. "Mjibu kaka yako, mwanangu. Au hukumsikia alichosema?"

"Nimemsikia, mama mdogo."

Akaichukua simu yake mkononi mwa Muhidini, akavaa ndara mlangoni, akaondoka.

*

Jumatano asubuhi alikuwa kwenye ofisi ya safari. Adila, msichana wa mapokezi ambaye ndiye aliyewaandikisha, alimkumbuka mara moja.

"Dada Shufaa, sisi tumeshamaliza. Njoo uangalie mwenyewe." Akamgeuzia kioo cha kompyuta. "Hapa pameandikwa imetoka."

"Imetoka kwenda wapi?"

"Benki."

"Benki yangu?"

Adila alisita. "Benki yetu kwanza. Halafu kuna wale wa katikati wenye mtandao wa kadi. Halafu ndiyo benki yako."

"Mliniandikia yamekamilika."

"Yamekamilika kwa upande wetu."

Shufaa akavuta kiti, akakaa bila kukaribishwa. Kwa upande wetu. Maneno hayo hayakuwemo kwenye meseji, na kwa kukosekana kwake alikuwa ameitwa mwizi mbele ya watu kumi na wanne.

"Mimi niliomba siku ya tatu ya msiba," alisema. "Mlituma lini?"

Adila akahesabu kwa vidole chini ya meza, akidhani haonekani. "Baada ya siku tisa."

"Siku tisa zilikuwa za nini?"

"Ombi lilikaa kwa mhasibu. Mhasibu naye hasaini peke yake, lazima asaini na mkurugenzi, na mkurugenzi alikuwa Makka na kundi la mahujaji." Akashusha sauti. "Dada, nikwambie ukweli. Hela ikiingia hapa haihitaji saini ya mtu yeyote, mashine inaipokea hata sisi tukiwa tumelala. Inayotoka ndiyo inataka saini."

"Si mngenipa mkononi, yakaisha?"

"Hairuhusiwi. Ililipwa kwa kadi, kwa hiyo inarudi kwenye akaunti ile ile ilikotoka. Wanasema mtu anaweza kulipia kwa hela chafu, halafu akaja kudai tumrudishie safi."

Akachukua karatasi, akaandika namba ndefu, tarakimu ishirini na kitu, akaisoma tena kuhakikisha.

"Benki wakikwambia hawaoni kitu, usiwape jina wala tarehe. Wape hii. Hela inasafiri na namba yake."

Shufaa akaikunja karatasi.

"Na pole sana, dada," Adila alisema. "Mama alikuwa mcheshi jamani. Alikuja mwenyewe siku moja, peke yake, kuniuliza kama ndara za plastiki zinaruhusiwa kule."

"Asante," Shufaa alisema.

Alipofika nje akasimama kwenye jua akijaribu kumwona mama yake na zile ndara, akiinama juu ya meza ya Adila. Aliiona picha yote, mpaka rangi ya ndara. Akasubiri iume. Haikuuma. Akaenda zake.

*

Alhamisi. Siku moja imebaki!

Benki ilikuwa imejaa. Shufaa alikaa saa mbili kwenye kiti cha chuma ndipo akaitwa kwa afisa mmoja wa makamo, mwenye kuongea taratibu. Kibao mezani kilisema Haidar.

Shufaa hakumpa namba kwanza. Alimuuliza lile lililokuwa likimsumbua tangu Jumanne.

"Kaka yangu, naomba unieleze kitu kimoja. Kulipa nililipa kwa dakika moja. Kwa nini kurudi kunachukua wiki tatu? Kuna watu wanasubiri jibu, na mimi sina."

Haidar aliweka kalamu chini. Labda alikuwa ameulizwa hivyo mara nyingi, labda alishangazwa na sauti yake isiyokuwa na hasira.

"Dada yangu, siku ile ulipolipa, hela haikwenda popote."

Shufaa alimtazama.

"Mashine ya pale ofisini ilituuliza swali moja tu: huyu anayo? Kompyuta yetu ikajibu, anayo. Tukaifunga hela humu humu ndani usije ukaitumia kwa kitu kingine, na mashine ikatoa risiti. Hiyo ndiyo dakika moja mliyoiona. Hela yenyewe iliondoka siku mbili baadaye, imefungwa pamoja na za watu wengine maelfu."

"Kwa hiyo tulichokiona siku ile..."

"Ni ahadi ya benki. Muuzaji anaiamini ahadi, anakupa unachotaka. Lakini kwenye kurudisha hakuna swali kama lile, na hakuna wa kulijibu kwa sekunde moja. Hela yenyewe lazima itembee. Ofisi inaitoa. Benki yao inasubiri mwisho wa siku ijumlishe za wote. Inawapelekea wenye mtandao wa kadi, wako nje ya nchi hao, nao wanajumlisha zao. Wanatuletea sisi, nasi ndiyo tunaanza kuuliza: hii ya nani, ya malipo yapi, isije ikawa wizi. Jumamosi hawafanyi, Jumapili hawafanyi, sikukuu hawafanyi."

"Si watengeneze na ya kurudisha iwe ya dakika moja?"

"Inawezekana," Haidar alisema. "Ila kwenye kulipa kila mtu ana haraka. Muuzaji ana haraka, benki ina haraka, na mteja ana haraka. Kwenye kurudisha, mwenye haraka ni mmoja tu."

"Ni mimi."

"Ni wewe, dada."

Kwa wiki tatu hakuna mtu aliyekuwa amemweleza kitu mpaka mwisho. Shufaa akatoa karatasi ya Adila. Haidar akaiingiza ile namba tarakimu moja moja, akabonyeza, akangoja.

Nyusi zake zikapanda.

"Imefika."

"Imefika wapi?"

"Hapa. Hela yako iko hapa, tangu Alhamisi iliyopita."

Wiki nzima! Wiki nzima hela ilikuwa imelala ndani ya jengo hilo hilo!

"Mbona kwenye akaunti haimo?"

"Ilikuta akaunti imefungwa, ikawekwa pembeni." Haidar alinyanyuka, akaenda kwenye kabati la chuma nyuma yake, akarudi na faili jembamba. "Akaunti hii ina wenyewe wawili. Mmoja akifariki na tukaletewa taarifa kwa maandishi, tunaifunga mpaka mahakama iteue msimamizi wa mirathi. Barua ililetwa siku ya nne baada ya mazishi, pamoja na kibali cha kuzika. Wewe hukujua?"

"Nani aliileta?"

Kwa kuwa jina lake lilikuwa kwenye akaunti, Haidar akaigeuza barua ili aisome. Shufaa hakuhitaji kuisoma. Aliyaona maandishi, yale ya kulalia kushoto aliyokuwa akiyanakili utotoni alipokuwa anafundishwa kuandika na kaka yake.

Muhidini.

"Kuna jingine," Haidar alisema, na safari hii hakumtazama usoni. "Alikuja tena Jumatatu hii. Mwenzangu wa dirishani akamwambia hela imesharudi, ila haiwezi kutoka. Hakupaswa kumwambia, jina lake halimo kwenye akaunti. Kwa hilo naomba radhi."

Jumatatu aliambiwa hela imerudi. Jumanne akamwita dada yake mwizi. Msomaji, hesabu mwenyewe.

Shufaa hakupiga kelele. Hakuuliza kwa nini. Aliuliza kinachotakiwa ili akaunti ifunguliwe, na Haidar akamweleza: familia ikae kikao, waandike muhtasari wenye majina ya warithi wote, waupeleke Mahakama ya Mwanzo, ateuliwe msimamizi. Kisha akamchapia taarifa ya akaunti yenye tarehe zote, akaigonga muhuri.

"Majina yote, dada," alirudia. "Wakisahau hata mmoja, mtaanza upya."

*

Mchana ule Shufaa alirudi Mapinga, akamwagilia miche mstari kwa mstari. Mama mmoja mwenye gari jeupe alisimama, akachagua miashoki arobaini, akaomba apunguziwe. Shufaa akampunguzia bila kubishana. Yule mama, aliyekuwa amejiandaa kwa mabishano, alimuuliza kama anaumwa.

"Siumwi," Shufaa alisema, akaendelea kupakia.

Alikuwa akiwaza kwamba mtu akigundua kaka yake wa tumbo moja amemchimbia shimo, anapaswa kutetemeka. Akaitazama mikono yake. Ilikuwa imetulia kabisa, imeshika mche kwa shina na kiroba, kama siku zote.

*

Ijumaa, saa nane mchana. Sebule ile ile ya Kaole.

Safari hii walikuwa wanne tu. Muhidini amekaa kwenye kochi na kanzu yake ya msikitini. Bi Mwaija yuko kwenye mkeka. Na kwenye kiti cha mgeni, begi la ngozi mapajani, mnunuzi: Mikdad, mfanyabiashara kutoka Dar es Salaam, mtu wa adabu aliyevua viatu nje na kuvipanga.

"Asalamu alaykum," Shufaa alisema. "Shikamoo, mama mdogo. Shikamoo, kaka."

"Marahaba," Bi Mwaija alijibu. Muhidini alichezesha midomo tu.

"Hela imeonekana?" akauliza.

"Imeonekana."

Shufaa akaiweka ile karatasi ya benki mezani, mbele ya mgeni.

Muhidini hakuichukua. Aliyeichukua ni Mikdad, kwa mazoea ya mtu anayesoma karatasi kabla ya kutoa hela. Akaisoma yote. Akairudisha mezani taratibu.

"Hapa inaonyesha imerudi tangu wiki jana," alisema. "Na akaunti imefungwa kwa barua ya ndugu wa marehemu."

"Ndugu yupi?" Bi Mwaija akauliza.

Muhidini akaisukuma karatasi pembeni.

"Muhidini. Ndugu yupi?"

"Nilikwenda kuuliza tu!" Muhidini aliruka juu. "Nilikwenda kuuliza kama marehemu ameacha chochote, wakaniambia niandike, nikaandika. Mimi nilijuaje kwamba watafunga?"

"Na Jumatatu?" Shufaa alisema.

Neno moja tu. Muhidini akakaa.

"Jumatatu ulikwenda kufanya nini, kaka?"

Alikwaruza mshono wa kanzu kwa kucha.

"Nilijua Jumatatu," alisema mwishowe. "Waliniambia imerudi."

"Na Jumanne ukasimama hapa, mbele ya watu waliokuja kunihani msiba wa dada yangu," Bi Mwaija alisema, "ukamwita huyu mwizi."

"Mama mdogo, nilikuwa nimebanwa. Nimeshachukua kianzio cha kiwanja. Milioni mbili. Nimeshalipia madeni yangu ya kule sokoni. Nikaona mirathi ikifika mahakamani kiwanja hakitauzwa mwaka huu, na huyu bwana atadai hela yake. Nikaona..." Akamgeukia Shufaa. "Nikaona wewe hutapigana. Tangu mama afe huongei, hulii. Nikaona hutapigana."

Hilo ndilo lililomfikia Shufaa. Hakulisikia kama maumivu. Alilisikia kama mtu anayegongwa bega na mpita njia, akageuka kuangalia ni nani. Kaka yake alikuwa amemwona akiwa amekufa ganzi, na hapo ndipo alipoona nafasi yake.

"Kitalu hakiuzwi," alisema.

Mikdad akafunga begi lake.

"Mimi niliambiwa kiwanja hakina mgogoro," alisema kwa upole. "Kumbe hata msimamizi hajateuliwa. Hapa hakuna biashara. Bwana Muhidini, naomba hela yangu."

"Nitakurudishia, bwana."

"Lini?"

"Nipe muda kidogo."

"Mimi nilikutumia siku ile ile uliyoniomba," Mikdad alisema. "Nakupa mwezi mmoja. Baada ya hapo nakwenda polisi, na sitakuja tena hapa kuvua viatu."

Akaaga wanawake kwa heshima, akatoka. Walisikia gari likiwaka, likigeuza, likishika njia ya mjini.

Muhidini aliinamisha kichwa. Mtu mwingine angetumia nafasi hiyo kumrudishia matusi yote ya Jumanne, tena kwa riba. Shufaa alifungua mkoba akatoa daftari na kalamu.

"Tukae kikao sasa hivi," alisema. "Mahakama inataka muhtasari wenye majina ya warithi wote. Mama mdogo, wewe ndiye mkubwa wetu, utasimamia. Mimi naandika."

Akaandika tarehe. Akaandika jina la marehemu. Chini yake akaandika: moja, Muhidini. Mbili, Shufaa. Akapiga mstari. Baba yao alishafariki, babu na bibi walishafariki. Ilikuwa orodha fupi.

"Hapa utaweka dole gumba, mama mdogo, kama shahidi."

Bi Mwaija hakunyoosha mkono.

"Siweki," alisema.

"Kwa nini?"

"Umesema majina yote. Umeacha mmoja."

Muhidini aliinua kichwa. Shufaa akalitazama daftari, kana kwamba alikuwa ameruka mstari.

"Nani, mama mdogo? Sisi tuko wawili."

"Mko watatu."



"Mama yenu aliolewa Kerege kabla ya kuolewa na baba yenu," Bi Mwaija alisema. Alikuwa akisema huku ameshika magoti yake kwa mikono miwili. "Alizaa mtoto wa kike. Ndoa ikavunjika, mtoto akabaki kwa upande wa baba yake. Baba yenu alimwoa mama yenu kwa sharti kwamba habari hiyo isitajwe ndani ya nyumba yake, na mama yenu akaapa. Alipokufa baba yenu nikamwambia dada, sasa sema. Akasema, nitasema nikirudi umra. Sasa mnataka niende nikaweke dole langu mbele ya hakimu, kwamba dada yangu alizaa wawili? Siwezi, wanangu. Siwezi."

"Yuko hai?" Muhidini aliuliza.

"Yuko hai. Anaitwa Fatu. Na mmeshamwona. Siku ya mazishi alikuwa humu ndani. Mimi nilikuwa namimina maji, yeye ndiye aliyemwosha mama yenu."

Shufaa alikumbuka mgongo. Siku ile alishindwa kuingia chumbani, akasimama kwenye korido ameegemea ukuta, na kwa upenyo wa pazia aliuona mgongo wa mwanamke asiyemjua, ameinama, anafanya kazi bila haraka. Alidhani ni mtu wa msikitini.

"Anatujua?" akauliza.

"Anawajua tangu mko wadogo. Mama yenu alikuwa akimpelekea habari zenu. Ninyi ndio mlikuwa hamjui."

Bi Mwaija akafungua pindo la kanga, akatoa simu yake ndogo ya vibonyezo, akaisogeza karibu na macho akitafuta jina. Alipolipata akabonyeza, akasikiliza mpaka ikaanza kuita, kisha akamnyooshea Shufaa.

"Mwambie mwenyewe kwamba anatakiwa mahakamani. Mimi nimechoka kubeba maneno ya watu."

Shufaa aliishika simu kama kitu cha moto. Iliita mara tatu. Mara nne. Muhidini alikuwa amesimama, hajui aende wapi.

Ikapokelewa.

"Halo?" ilisema sauti ya mwanamke. Halafu, kwa kuwa hakujibiwa: "Mama mdogo? Kuna nini huko? Shufaa hajambo?"

Damu ilimpanda Shufaa masikioni. Sauti ile haikuwa ya kufanana. Haikuwa ya kukaribia. Mkwaruzo ule ule, pumzi ile ile fupi kabla ya jina lake, na jina lenyewe likivutwa mwishoni kama lilivyovutwa miaka yote kutoka jikoni, kutoka uani, kutoka ndani ya chandarua.

Ilikuwa sauti ya mama yake.

Muhidini, aliyekuwa amesogea mpaka ubavuni pake, naye aliisikia. Akaikamata mikono ya kiti kilichokuwa karibu.

"Shufaa?" sauti ikasema tena. "Ni wewe?"

Alikuwa na mdomo, alikuwa na jibu, na daftari lilikuwa limefunguka mapajani likisubiri jina la tatu. Hakujibu. Aliibana simu sikioni kwa mikono yote miwili na kunyamaza kimya kabisa, ili sauti ile imwite tena.